Ua Uliotoa Kitoweo

Tunapowafundisha watoto historia ya njaa katika Tanzania, huwa tunawafundisha maazimio. Mwaka 1972, mjini Iringa, TANU ilitoa tamko la Siasa ni Kilimo. Mwaka 1973 na 1974 mvua zikawa haba, bei ya mafuta duniani ikapanda, akiba ya nafaka ikapungua, na serikali ikatangaza Kilimo cha Kufa na Kupona. Wafanyakazi wa mijini nao wakahimizwa kushika jembe.

Hayo yote ni kweli, nami nimeyafundisha kwa miaka mingi. Lakini niliyapitia nikiwa mwalimu kijana Dar es Salaam, mpangaji wa chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, na ninajua kuwa katika simulizi hiyo kuna mtu aliyesahauliwa. Mtu huyo ni mama wa uani.

Msomaji asiyeijua nyumba ya aina hiyo aelewe kwamba ina ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na nyuma yake kuna ua wenye jiko, bafu na choo. Ua wetu haukuzidi hatua kumi kwa kumi na mbili. Pale maji ya bafu yalipotokea palikuwa na mgomba. Kando ya ukuta ilisimama mibaazi, karibu na mlango mipapai, na nafasi iliyobaki ilikuwa matuta ya mchicha na matembele.

Kazi ile ilitaka akili kuliko nguvu. Udongo wa pwani ni mchanga, haushiki maji. Kwa hiyo mama mwenye nyumba aliuchanganya na samadi ya mbuzi, majivu na maganda ya jikoni. Mchicha ulichumwa baada ya wiki tatu au nne. Matembele hayakuhitaji hata mbegu: kipande cha shina, urefu wa shibiri moja, kilichomekwa ardhini, na kadiri majani yalivyochumwa ndivyo yalivyozidi kuchipua. Mipapai aliipanda mitatu minne pamoja, kwani mingine hutokea kuwa midume. Ilipotoa maua aliitambua, akaikata. Sisi chuo cha ualimu tulilima kwa ekari, kama Elimu ya Kujitegemea ilivyotutaka tangu 1967. Somo la kulima hatua kumi nililipata uani.

Nisitie chumvi: ua haukutoa unga. Unga tuliupangia foleni, na mara nyingi ulikuwa ule wa njano tuliouita Yanga. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 maisha yalizidi kuwa magumu. Mshahara wangu haukufika tarehe 15. Unga ukipatikana, swali lilikuwa utaliwa na nini. Jibu lilitoka uani. Mama yule hakutuuzia wapangaji wake. Alituchumia, na asiye na kitu siku hiyo naye akainjika sufuria.

Mwaka 1983 ilikuja sheria ya Nguvu Kazi, na watu wa mjini walioonekana hawana kazi wakatakiwa kwenda kuzalisha mashambani. Katika madaftari ya maofisa, kazi ilikuwa ile yenye mshahara. Kwa kipimo hicho, mwanamke aliyetia kitoweo katika vyungu vya vyumba sita hakuwa na kazi. Kanuni za kilimo cha mijini zilitolewa mwaka 1992, wakati ambapo mama huyo alikuwa amekwisha lima karibu miaka ishirini bila kungoja kanuni.

Siku hizi nyua nyingi zimepigwa sakafu ya saruji au zimejengwa vyumba vya kupangisha. Siwalaumu wenye nyumba, maana kodi ya chumba inashinda mafungu ya matembele. Ninachohofia ni kwamba akina mama wale wanatutoka mmoja mmoja, na vitabu vyetu bado vina maazimio peke yake.

Basi mwalimu atakayefundisha mwaka 1974 awape wanafunzi kazi moja ya nyumbani. Wawaulize bibi zao: siku zile mboga ilitoka wapi, na nani aliipanda? Majibu wayaandike daftarini, pamoja na majina.