Meli ya Abiria Iliyozama na Askari Wetu

Katika Makaburi ya Vita ya Nairobi, nchi jirani ya Kenya, upo ukumbusho wa askari wa Afrika Mashariki ambao makaburi yao hayajulikani. Miongoni mwao wamo wapiga mizinga walioondoka bandari ya Kilindini, Mombasa, mwezi Februari 1944, katika meli ya mvuke iitwayo Khedive Ismail.

Meli hiyo haikuundwa kwa ajili ya vita. Iliundwa Greenock, Uskochi, mwaka 1922, ikaitwa Aconcagua, ikawa inachukua abiria kati ya Chile na New York. Mwaka 1935 ilinunuliwa na kampuni ya Misri, ikapewa jina la mtawala yule ambaye majeshi yake, mwaka 1875, yaliteka Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa chini ya Sultani Barghash wa Unguja. Mwaka 1940 Waingereza waliitwaa ili kusafirisha askari.

Ndugu maafisa na askari, safari yake ya mwisho ilikuwa ya Colombo. Ilipakia watu 1,511, na karibu 1,000 kati yao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwamo pia wanawake wauguzi. Tarehe 12 Februari, alasiri, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Wengi walikuwa vyumba vya chini wakitazama tamasha la muziki. Meli ilizama katika muda usiozidi dakika tatu. Walipona wanaume 208 na wanawake 6 tu.

Jambo zito zaidi lilifuata. Nyambizi ilijificha chini ya maji, pale pale walipokuwa wakielea manusura. Manowari Petard ilipaswa ama kuiacha, huku meli nyingine nne za askari zikiwa katika msafara ule, ama kutupa mabomu ya chini ya maji katikati ya watu wake yenyewe. Ilitupa. Baadhi ya waliokwisha kuokoka topido waliuawa na mabomu hayo. Kijeshi, amri ile ilikuwa na sababu yake, wala hatudhani kwamba aliyeitoa aliitoa kwa wepesi. Lakini wapiga mizinga wale walikuwa raia wa makoloni, na vita vile havikuwa vya kuchagua kwao.

Nyambizi ililazimika kuibuka. Manowari Paladin, iliyokuwa ikiokota watu, ilijaribu kuigonga ikaharibika yenyewe. Hatimaye topido ya Petard ikaizamisha. Manusura walipelekwa Addu, kusini mwa Maldivi.