Sitara ya Choo cha Ndani

Waashi wa kale wa Lamu walijenga kwa kusitiri. Ukitoka kichochoroni unapita daka, baraza ya mlangoni, kisha tekani, ukumbi uliopindishwa ili mpita njia asione uani. Mbele kuna kumbi mbili, msana wa tini na msana wa yuu, mpaka ndani, chumba cha wenye nyumba chenye zidaka, vishubaka vya ukutani. Choo kimejibana pembeni mwa chumba hicho hicho, na bado hakimuaibishi mtu.

Nimekulia Mkomani, mtaa wa Lamu, katika nyumba ya namna hiyo. Bibi akioga, sisi tuliolala upande wa pili hatukusikia hata kata ikigonga birika, hodhi la maji la chooni. Ukuta ule wa matumbawe na chokaa unakaribia nusu mita kwa unene, nao umepigwa lipu pande zote mbili. Sauti hupenya ukuta kwa kuutikisa, na uzito kama ule hautikisiki kwa kishindo cha maji. Jua nalo huchukua saa nyingi kuupasha moto, ndiyo maana maji ya birika yalikuwa baridi hata adhuhuri ya kaskazi. Humo birikani waliogelea samaki wadogo, kazi yao kula viluwiluwi vya mbu, na sakafuni mwake palijengewa bakuli la kauri.

Ustadi huu una umri. Huko Gedi, karibu na Malindi, James Kirkman alipoanza kuchimbua magofu mwaka 1948, alikuta vyoo na sehemu za kutawazia ndani ya nyumba zilizohamwa kufikia karne ya 17.

Chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya biwi la magogo, ikazimwa kwa maji na kuachwa ikomae. Inapumua: ukuta wa bafu hurowa asubuhi, unyevu ukatoka wenyewe. Leo watu wanaupiga saruji. Unyevu unafungiwa ndani, chumvi inachomoza, na lipu inabambuka vipande vipande. Inaniuma kuona hivyo.

Bafu jipya nalo hukatwa chumbani kwa tofali za inchi nne, mashimo matupu katikati, na kila tone linasikika kitandani. Ukuta mzito ghorofani siushauri pia, maana sakafu inabebwa na boriti za mikoko, na ndizo zilizofanya vyumba vyetu viwe vyembamba, kama mita tatu tu. Kwa hiyo, kwa bafu letu jipya, nimemwambia fundi asimamishe fremu mbili za mbao zisizogusana, ajaze pamba ya kuzuia sauti katikati, kisha agongomee mbao za jipsamu zinazohimili maji. Tundu la bomba lizibwe kabisa, na mlango ufike sakafuni. Sauti hutafuta upenyo kabla ya kuhangaika na ukuta. Upande wa nje, ule ukuta wa matumbawe, haruhusiwi kuugusa kwa saruji. Chokaa nimekwisha kuiagiza.