Kunata kwa chembe nano za metali

Chembe nano za metali ni vipande vyenye upana wa nanomita 1 hadi 100. Namna vinavyonata juu ya silikoni, kioo au plastiki ndiyo huamua kama njia ya umeme ndani ya kifaa kidogo itadumu au itabanduka.

Kwa ukubwa huo uzito hauna nguvu. Kani za van der Waals, yaani mvutano hafifu wa molekuli zilizokaribiana, huushinda mara nyingi mno, hivyo chembe iliyokwisha kukaukia juu ya bamba haianguki hata bamba likipinduliwa. Kazi ngumu ni kuifikisha hapo.

Dhahabu inalionyesha hili vizuri. Mwaka 1951 John Turkevich na wenzake walichunguza kwa kina njia ya kutengeneza chembe zake kwa kuchemsha chumvi ya dhahabu pamoja na sitrati. Sitrati huipa kila chembe chaji hasi, nazo hubaki zimetawanyika ndani ya maji yenye rangi nyekundu. Lakini bamba la silikoni hufunikwa na oksidi yake, na oksidi hiyo majini huwa na chaji hasi pia. Hasi na hasi husukumana. Bamba tupu likichovywa na kusuuzwa, chembe karibu zote huondoka na maji. Dawa yake ni tabaka jembamba la silani yenye amini. Ncha moja ya molekuli hufungamana na oksidi, nyingine hubeba chaji chanya, na chembe hujipanga juu yake zikiachiana nafasi, kwa kuwa zenyewe bado zinasukumana. Molekuli zenye salfa hushika dhahabu kwa nguvu zaidi.

Dhahabu inayotandazwa kwa mvuke ina shida nyingine. Inasifiwa kwa kutoshika kutu, na sifa hiyohiyo inaizuia kufungamana na oksijeni ya kioo. Ndiyo maana mafundi hutanguliza nanomita chache za kromi au titani. Bila tabaka hilo, utando mwembamba ukipashwa joto hukatika na kujikusanya kuwa matone, na umeme haupiti tena.

Nguvu ya kunata hupimwa kwa hadubini ya kani ya atomu, iliyobuniwa na Binnig, Quate na Gerber mwaka 1986: sindano yake huisukuma chembe ubavuni hadi isogee, na kani iliyohitajika husomwa.