Madumu ya Porto-Novo

Romuald Hazoumè alizaliwa Porto-Novo, Benin, mwaka 1962, na malighafi yake mashuhuri ni dumu la plastiki lililotupwa. Hulikata tu: mpini huwa pua, tundu la kumiminia huwa mdomo, na uso wa binadamu hujitokeza bila kuchongwa. Wachambuzi wengi huishia kusifu ubunifu huo. Mimi naona hoja yenyewe imo katika historia ya dumu.

Kwa miongo kadhaa petroli ya Nigeria, iliyokuwa nafuu kwa sababu ya ruzuku ya serikali, ilivushwa kwa magendo hadi Benin, ambako huitwa kpayo. Vijana huisafirisha kwa pikipiki. Ili dumu libebe zaidi ya kipimo chake, hupashwa moto mpaka plastiki itanuke na kuta zake ziwe nyembamba. Likipasuka njiani, cheche moja yatosha kumteketeza dereva. Likichakaa, hutupwa. Katika utaratibu huo Hazoumè aliitambua hesabu ya zamani: chombo hupakiwa kupita uwezo wake, kwa kuwa anayepanga faida siye anayebeba mzigo.

Kati ya mwaka 1997 na 2005 alitengeneza La Bouche du Roi, kazi yenye jina la mahali katika pwani ya Benin ambako watumwa walipakiwa. Vinyago 304 vya madumu vimepangwa sakafuni kwa umbo la Brookes, meli ya Liverpool ambayo mchoro wake wa mwaka 1788 ulisambazwa na wapinga utumwa wa Uingereza. Sheria ya mwaka huohuo iliiruhusu meli hiyo kubeba watu 454 (watumishi wa umma wazingatie: hayo ndiyo yaliyoitwa marekebisho). Upande wa tezi wamo watawala wawili, Mzungu na Mwafrika. Hazoumè hakumsamehe mfalme wa Dahomey, na hapo namheshimu zaidi, maana hata sisi wa Kilwa na Bagamoyo tumezoea kuisimulia biashara hiyo kana kwamba wauzaji wote walitoka ng'ambo.

British Museum iliinunua kazi hiyo mwaka 2007, Uingereza ikiadhimisha miaka 200 ya sheria ya kukomesha biashara ya watumwa. Filamu inayoambatana nayo inawaonyesha wachukuzi wa petroli wakiwa barabarani na madumu yao. Ruzuku ya Nigeria ilikuja kuondolewa Mei 2023, na bei ya kpayo ikapanda ndani ya siku chache.