Mbasela na mkono wa birika

Ukikaa katika kilabu cha pombe mjini Mbeya hutakosa kusikia neno mbasela. Mnunuzi amekwisha kulipia lita yake ya komoni, chombo kimejaa, naye bado amesimama: "Mama, mbasela iko wapi?" Mama huchota kidogo akaongeza. Asipoongeza, huyo ni mkono wa birika, na kesho wateja watahamia kwa jirani.

Neno hili si la Kinyakyusa wala la Kisafwa. Asili yake ni Kizulu, ibhanselo, yaani zawadi, nalo limeenea Zambia na Malawi kwa maana ya nyongeza ya bure. Tunduma ni mlango wa Zambia, lakini mpaka peke yake hautoshi kueleza. Enzi za Waingereza vijana wengi wa Rungwe walikwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu ya Afrika Kusini, ambako waliandikishwa na WENELA. Baada ya Uhuru wa 1961 Serikali ilikomesha uandikishaji huo. Wanaume walirudi na mablanketi, na kwa maoni yangu walirudi na neno hili pia.

Hapo awali halikuhitajika sana. Mtaalamu Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe miaka ya 1930, alieleza jinsi Wanyakyusa walivyothamini ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzao wa rika, wakila na kunywa pamoja. Kimpumu ya chungu kimoja, inayovutwa kwa mirija, utaipimaje? Kipimo kilikuja na fedha, na ugomvi wa kipimo ukafuata nyuma yake.

Iringa mambo ni mengine. Ulanzi hugemwa kwenye mianzi wakati wa mvua, ukadondokea ndani ya mbeta, ambayo nayo ni kipande cha mwanzi. Mianzi haifanani unene, basi mbeta mbili hazilingani, na mnywaji mjanja huzikagua kwa macho kabla ya kutoa fedha. Isitoshe, ulanzi hauwekeki: mtogwa mtamu wa leo huwa mkangafu mkali baada ya siku chache. Ukiona muuzaji mkarimu katikati ya masika, usidhani ni moyo tu.

Vinywaji vya kiwandani havina majadiliano. Viroba, vilivyopigwa marufuku kuanzia Machi 1, 2017, vilifungwa kabisa. Nani angeomba aongezewe?

Lakini wanaomtukana mama wa kilabu hawajanunua ulezi, kuni wala maji. Tuseme kila anayelipia lita moja anapewa robo lita ya mbasela. Wateja wanne wamekunywa lita nzima ya bure, na ndoo ya lita 20 inabaki na wateja 16 tu wa kulipa.