Mozilla Thunderbird

Mozilla Thunderbird (kwa kifupi Thunderbird) ni programu huria ya kompyuta inayotumika kwa barua pepe, kalenda na kuhifadhi anwani. Inapatikana bila malipo kwa Windows, macOS na Linux, na ni mojawapo ya programu zinazotumika badala ya Microsoft Outlook.

Historia

Toleo 1.0 lilitolewa na Mozilla Foundation tarehe 7 Desemba 2004. Mwaka 2012 Mozilla ilitangaza kwamba itapunguza kazi ya kuiendeleza, lakini watu wa kujitolea waliendelea kuitunza. Tangu Januari 2020 inasimamiwa na MZLA Technologies Corporation, kampuni tanzu ya Mozilla Foundation, na gharama zake hulipwa hasa kwa michango ya watumiaji. Toleo la simu za Android, lililotokana na programu ya K-9 Mail, lilitoka Oktoba 2024.

Kalenda

Mwanzoni Thunderbird haikuwa na kalenda. Mtumiaji aliongeza kiendelezi kilichoitwa Lightning. Tangu toleo 38 (2015) kiendelezi hicho kilitolewa pamoja na programu, na katika toleo 78 (2020) kalenda ikawa sehemu yake kamili. Kalenda huonyesha ratiba ya siku, wiki au mwezi, hukumbusha miadi, na hurudia yenyewe shughuli za kila mara, kama vile kikao cha kila Jumatatu. Mwaliko wa mkutano ukija kwa barua pepe, unaweza kukubaliwa na kuingizwa humohumo.

Kuhamisha ratiba

Thunderbird hutumia kanuni zilizo wazi kwa wote. Itifaki ya IMAP huacha barua kwenye seva, hivyo zinasomeka pia kwa programu nyingine. Miadi huweza kutolewa katika faili za iCalendar, ambazo majina yake huishia na .ics, programu nyingi za kalenda huweza kuzitoa na kuzipokea. Kwa njia hiyo, anayebadilisha programu halazimiki kuandika upya ratiba yake.

Hata hivyo, kalenda iliyotengenezwa kwenye kompyuta pekee haionekani kwenye simu, na hupotea kompyuta ikiharibika au kuibwa. Kinga yake ni kuiunganisha na seva kwa itifaki ya CalDAV, au kutunza nakala ya faili ya .ics mahali pengine.