Saa mbili ni saa ngapi? Historia fupi ya kalenda ya pamoja

Mmoja wenu aliniuliza jinsi ya kutengeneza kalenda ya kikundi mtandaoni. Nitajibu, ila nianze na historia, maana ningeijua mapema nisingemkosesha mtu maji.

Hapa Nanyuki kalenda ya pamoja ilianza na mito, si kompyuta. Mto Nanyuki, Likii na Burguret inateremka kutoka Mlima Kenya kuelekea Ewaso Ng'iro. Kiangazi kikikaza na wa juu wakafungulia mabomba yote, wa chini hubaki na mawe. Ugomvi huo ulizaa vyama vya watumiaji wa maji mwishoni mwa miaka ya 1990, na Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ikavitambua. Wakati wa ukame huishi kwa ratiba: mradi gani unachota, siku gani, kuanzia saa ngapi.

Kwenye kompyuta shida ilikuwa hiyohiyo ya watu wengi kugawana siku moja. Kalenda ya programu moja haikusomeka kwenye nyingine. Mwaka 1996 Apple, AT&T, IBM na Siemens kwa pamoja walitoa vCalendar. Novemba 1998 Frank Dawson wa Lotus na Derik Stenerson wa Microsoft wakaandika iCalendar, yaani RFC 2445. Google Calendar ikafunguliwa kwa umma Aprili 2006, na Machi 2007 ikaja CalDAV, iliyowezesha programu tofauti kusoma na kuandika kwenye kalenda moja iliyo kwenye seva.

Uzuri wa iCalendar ni kwamba ni maandishi matupu. Tazama:

DTSTART;TZID=Africa/Nairobi:20230205T080000
RRULE:FREQ=WEEKLY

Maana yake: kuanzia Jumapili tarehe 5 Februari 2023, saa mbili asubuhi kwa saa za Nairobi, kisha kila wiki. Waandishi wake walijua kuwa saa pekee inaweza kupotosha, wakaweka nafasi ya kutaja ni saa ya wapi.

Lakini hawakuweka nafasi ya saa ya Kiswahili! Sisi tulio kwenye ikweta jua hutuchomozea karibu wakati uleule mwaka mzima, ndiyo maana tunahesabu kuanzia asubuhi. Nilipojitolea kuhamishia ratiba ya maji mtandaoni, niliwapa makatibu wote ruhusa ya kuhariri. Mmoja akaandika 2:00, akimaanisha saa mbili asubuhi. Kompyuta ikaelewa saa nane usiku. Simu zikalia watu wakiwa wamelala, na kulipokucha zamu ilikuwa imeshapita kwa jirani.

Mzee mmoja akanipigia: "Kijana, kalenda yako imekula maji yangu." Alikuwa na kabichi shambani na zamu nyingine ilikuwa wiki nzima mbele. Sikuwa na jibu ila pole.

Nikaenda kuangalia ratiba ya zamani, karatasi iliyobandikwa mlangoni. Ilikuwa na mambo mawili niliyoyatupa: mwandishi mmoja tu, na neno "asubuhi" au "usiku" mbele ya kila saa.

Basi, ukitengeneza ya kwenu:

1. Fungua kalenda mpya ya kikundi, usitumie yako binafsi. Weka saa za Nairobi.
2. Ruhusa ya kuhariri wape watu wawili, mmoja awe akiba. Wengine wote wape ya kutazama tu.
3. Kwenye kichwa cha kila zamu andika kwa maneno: "Zamu ya maji, saa mbili asubuhi".
4. Tumia marudio ya kila wiki badala ya kuandika zamu mojamoja.
5. Chapisha nakala uibandike mlangoni. Si kila mwenye shamba ana intaneti.

Mzee yule sasa hutumiwa ujumbe jioni kabla ya zamu yake. Hata hivyo bado hupita mlangoni kuhakikisha, nami simlaumu.

Ukikwama mahali, niandikie.